Pete Bila ya Kidole

Asubuhi ya harusi mjini Ifakara, kabla jua halijakomaa, kipo chumba kimoja kinachofungwa mlango. Bibi harusi hayumo. Mama yake hayumo. Yumo mwenye kamera na msaidizi wake, na boksi lililokusanywa tangu usiku kwa maagizo maalumu: pete, viatu, hereni, mkufu, chupa ya manukato, shela, kishada cha maua na kadi ya mwaliko. Taa imezimwa ili ibaki nuru ya dirishani peke yake. Kitambaa cheupe kimepigwa pasi hadi hakina kunjo. Juu yake vitu vinapangwa kimoja kimoja, vinasogezwa kwa ncha ya kidole. Jani linalazwa hapa, utepe unazungushwa pale. Kisha mpigapicha anapanda juu ya kiti na kuvipiga kutoka juu, mfano wa mwewe anayetazama vifaranga.

Uani wanawake wanapepeta mchele. Bibi aliyetoka Mlimba jana ameketi mkekani na kanga zake mpya, akingoja kupigwa picha na mjukuu wake. Atangoja sana. Saa ya nuru njema ni moja tu kwa asubuhi, nayo imekwisha kutolewa kwa viatu.

Mtindo huu haukuzaliwa katika bonde la Kilombero. Umetoka katika majarida ya harusi ya Ulaya na Marekani, ukatua Dar es Salaam, ukapanda simu za mkononi, na sasa umefika kila penye mpigapicha na dirisha. Wala hapana ajabu. Bonde hili limezoea kupokea vya kutoka mbali. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikalipita bonde kwa urefu wake. Na tangu mwaka 2018 lilipofunguliwa Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, watu wa Ulanga na Ifakara wanavuka bila ya kungoja pantoni. Kupokea si aibu. Aibu ni kupokea orodha ya mwenzio na kuiacha yako ikaliwa na mchwa.

Basi ieleweke mapema kosa liko wapi. Kosa si kupiga picha vitu vya harusi. Vitu vya harusi vinastahili heshima hiyo, na zaidi ya hiyo. Kosa ni kuvipiga picha baada ya kuvinyang'anya wenyewe. Pete bila ya kidole ni kipande cha dhahabu dukani. Manukato bila ya shingo ni chupa. Viatu bila ya miguu ni bidhaa, na picha yake ni tangazo la bidhaa ambalo bibi harusi amelilipia yeye mwenyewe.

Neno hili linawahusu watu wa visiwani na pwani kabla ya kuwahusu watu wa Ifakara, maana sanaa ya kupanga na kuonyesha vitu vya harusi ni sanaa yao ya zamani. Bwana harusi akipeleka sanduku, sanduku halikufunguliwa chumbani na mtu mmoja. Lilifunguliwa mbele ya kina mama. Kila doti ya kanga ikainuliwa juu ikaonekana, kila chupa ya marashi ikatajwa, kila kitu kikapokewa kwa vigelegele. Palikuwa na majivuno pale? Palikuwa nayo, tena si haba. Lakini kila kitu kilikuwa na mtoaji, mpokeaji na shahidi. Kitu kilipita mikononi mwa watu ndipo kikawa cha harusi.

Washairi nao walilijua hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake kiasi cha mwaka 1858, anamwagiza binti huyo ajipambe kama aliye katika siku ya harusi, na mapambo anayataja moja baada ya moja. Msomaji aurudie utendi ule aone: kila pambo lina mahali pake mwilini. Kuna la mguuni, la mkononi, la shingoni, la kidoleni. Mshairi yule aliyekuwa mgonjwa kitandani alipanga vitu kwa ustadi kuliko kamera yoyote, kwa kuwa alivipanga juu ya mtoto wake.

Na hata upigaji picha wenyewe, ulipoota mizizi Unguja, haukuanza kwa kuwakimbia watu. Studio ya Capital Art, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijulikana kwa picha za nyuso. Katika picha za studio za zama zile pete iliingia ikiwa kidoleni na saa ikiwa mkononi. Mjukuu akiitazama leo husema, "Hii pete ya bibi," kwa sababu anaona na bibi. Je, mjukuu wa harusi ya leo, akikuta picha ya pete juu ya jani, atasema ya nani? Pete zafanana, na majani yafanana.

Turudi bondeni. Kilombero ni nchi ya mpunga. Baada ya mavuno ndipo fedha hupatikana, na ndipo harusi hushika kasi. Kila sherehe ya pale, iwe ya kanisani au ya msikitini, imesimama juu ya punje hizo: mtu ameziatika, ameziamia ndege, amezivuna, ameziuza. Lakini katika picha ile ya kutoka juu, punje moja ya mpunga haimo. Mkeka wa ukindu haumo. Ungo haumo. Jembe, ambalo katika sehemu nyingi za bara liliwahi kuwa sehemu ya mahari, halimo hata kwa dokezo. Vitambaa vinavyofumwa kwa mkono na wanawake wa Ifakara havimo, ilhali kitambaa cheupe kisicho na asili kimesafirishwa kuja kutandazwa katika mji wa wafumaji!

Mwaka 1935 ulitoka mjini London uchunguzi mkubwa wa A. T. na G. M. Culwick juu ya Wabena wa bonde hili. Ni kitabu kinene, na ndani yake Mtema Towegale Kiwanga alikuwa na sura yake. Sura moja, katika kitabu cha nchi yake. Wakati ule mwenyeji hakuwa na kalamu ya kuamua. Leo kamera ni ya kijana wa Ifakara, harusi ni ya binti wa Ifakara, gharama ni za wazee wa Ifakara. Na bado mpunga haukupewa hata sura moja.

Kipo kitu kingine kinachofichwa, na hicho ndicho kikubwa. Kadi ya mwaliko hupigwa picha kwa pembe tatu. Daftari la kamati ya harusi halipigwi hata kwa pembe moja. Daftari lile la skuli, lenye majina, ahadi na taslimu, ndiyo harusi yenyewe. Humo yumo mwalimu aliyetoa nusu ya alichoahidi, jirani aliyetoa mchele badala ya fedha, na mjane aliyetoa elfu tano na hakuandika ahadi. Kama kuna karatasi moja inayostahili nuru ya dirishani, ni ile. Bila shaka wenye madeni ya ahadi watapinga. Basi na ipigwe picha ikiwa imefungwa.

Watasema wengine kwamba huyu kijana mpigapicha anatafuta riziki yake. Ni kweli, na riziki ni halali. Lakini fundi cherehani naye anatafuta riziki, wala hamshonei mtu nguo kwa kipimo cha mwingine. Watasema wengine kwamba harusi ni ya vijana, wazee waache choyo. Vema, lakini vijana hao hawakuichagua orodha hii, wameikuta imechaguliwa. Anayenakili hajachagua. Na watasema wengine kwamba visiwani kwenyewe mambo ni yale yale: chetezo huwekwa pembeni ya pete kikiwa baridi, bila ya kaa wala udi. Hilo ndilo linalouma. Chetezo kisichofuka moshi kimegeuka sanamu ya chetezo, na mwalimu aliyesahau somo lake hana haki ya kumcheka mwanafunzi.

Dawa yake haina gharama. Orodha na iandikwe na bibi harusi na mama yake, usiku ule boksi linapokusanywa, na kila kitu kiandikwe jina la aliyekitoa. Kitandazwe juu ya mkeka uliosukwa na mtu anayejulikana. Kiinuliwe na mkono: mkono wa mama ukiifunga hereni, mkono wa shangazi ukiikunja kanga, mkono wa bibi ukiishika pete kabla haijatolewa nyumbani. Na nuru ya kwanza ya asubuhi wapewe wazee. Viatu vitakuwapo jioni, na kesho, na mwaka ujao. Yule bibi wa Mlimba, hapana aliyeandikiwa kwamba atamkuta.