NANI KAIPA SERIKALI MASIKIO YETU?

Siku hizi kijiweni hakuna tusi jepesi kama "chawa". Tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, vijana wamewasusa wanamuziki na waigizaji waliopanda majukwaa ya kampeni. Wamewaacha kwenye mitandao, wamefuta nyimbo zao kwenye simu, wamewaita wasaliti. Mimi sina machozi ya kuwalilia. Mpinzani mkubwa, Tundu Lissu, mtoto wa Singida jirani zetu hapa, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na wao wanatuchezesha viuno. Siku ya kura intaneti ikazimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, Tume ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66, na tarehe 3 Novemba Rais akaapishwa hapa hapa Dodoma, katika uwanja wa gwaride la kijeshi. Sisi wenyeji wa mji tuliangalia kwenye televisheni kama watu wa Kigoma.

Lakini, ndugu msomaji, nina ugomvi na kijiwe. Wengi wanaowalaani hao chawa humalizia hivi: "Tukipata serikali nzuri, Baraza la Sanaa litawashughulikia." Jamani! Yaani tunataka kumbadilisha mshika rungu, rungu lenyewe libaki?

Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Msanii anatakiwa asajiliwe, alipie kibali, na Baraza likisema wimbo hauna maadili, redio zote kimya. Sasa chama kilichoko madarakani kikimpigia simu msanii wa namna hiyo wakati wa kampeni, tuseme huo ni mwaliko? Sitetei mtu. Wengi wanafuata mshiko tu, na mshiko wa kampeni ni mnono. Ila hata yule ambaye angependa kukataa, mkate wake uko kabatini kwa mwenzake, na funguo anazo huyo huyo anayepiga simu.

Turudi Machi 2017. Nay wa Mitego katoa wimbo wake "Wapo", akakamatwa Morogoro, na Baraza likaufungia wimbo. Mara Waziri mpya wa Habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kuwa Rais Magufuli ameupenda. Msanii aachiwe, wimbo upigwe, tena auboreshe kwa kuwaongeza wakwepa kodi na waovu wengine. Nchi ikashangilia! Kilio cha mchana kikawa kicheko cha jioni, na Nay akaja Dodoma kuonana na Waziri.

Mimi nasema ile ya pili ilikuwa habari mbaya kuliko ya kwanza. Mtu akikamatwa kuna sheria, hata kama ni mbovu; unaweza kwenda kubishana mbele ya hakimu. Lakini wimbo uliofunguliwa kwa sababu mkubwa kaupenda hauna sheria wala hakimu. Una sikio la mtu mmoja. Msanii akapata mhariri mwenye jeshi, na mhariri huyo anapendekeza beti! Na sisi tukapiga makofi kwa sababu safari hiyo sikio lilikuwa upande wetu. Hazikupita wiki mbili. Tarehe 5 Aprili Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa studio Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakaonekana tarehe 8 wakiwa na majeraha. Makofi yalikuwa hayajapoa.

Wala haikuanzia kwa Magufuli. Kuanzia Januari 1969 Operesheni Vijana iliwakimbiza wasichana wa sketi fupi na wigi, na Novemba mwaka huo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Kezilahabi akatoa Rosa Mistika mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, halafu baadaye kitabu kile kile kikawa cha kufundishia. Kipi kilibadilika, maneno ya Rosa au moyo wa ofisi? Mwaka huo huo wa 1971 wazee wetu wa Kigogo walikuwa wanahamishwa kwenye Operesheni Dodoma, na wao waliambiwa ni kwa faida yao. Anayejua unapaswa kulala wapi hashindwi kujua unapaswa kusikiliza nini.

Najua jibu: bila serikali, sanaa itakufa. Mfaransa mmoja, Frédéric Bastiat, mbunge, alilijibu hilo mwaka 1850 wakati wenzake wakitaka majumba ya michezo ya Paris yalishwe na kodi. Alilalamika kwamba ukikataa kitu kifanywe na serikali, unaambiwa hutaki kifanyike kabisa. Ndiyo tunavyoambiwa leo. Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003, zeze na ilimba alivikuta nyumbani, havikutoka wizarani. Serikali ilimchukua kumpeleka Dar es Salaam akiwa tayari ni Zawose. Na Saleh Jabir alipoanza kurap kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuna afisa utamaduni aliyemtuma. Muziki wa kizazi kipya ulikua kwa kanda za mitaani na redio binafsi, baada ya Redio Tanzania kukoma kuwa redio pekee. Mtu alitoa shilingi yake akanunua kanda, au hakununua. Hiyo ndiyo kura pekee ninayoiamini, maana inahesabiwa mbele yako, dukani, na ukijuta kesho hununui tena. Huna haja ya kungoja miaka mitano.

Linganisha na hii nyingine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu "takrima", eti ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura: pilau, khanga, soda. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Pilau ikafutwa, tamasha likabaki. Jukwaa, spika, nyota watano kutoka Dar, kiingilio bure. Bure ya nani? Vyama hupata ruzuku kutoka hazina, na hazina inajazwa na wewe. Ukinunua vocha umeshalipia kiingilio, hata kama hukwenda, hata kama humtaki anayeimba.

Tena sisi waandishi tusijione tumesalimika. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya mwaka. Kijana wa Chang'ombe anayeandika hadithi kwa simu ya kuazima atoe wapi? Baadaye ada zikapunguzwa, na watu wakashukuru. Mimi sishukuru bawabu kwa kupunguza bei ya mlango wa nyumba yangu.

Kwa hiyo kijiwe kisiniombe nisaini barua ya kutaka chawa wafungiwe. Waimbe wanavyotaka, wanamtaka nani, mimi nisinunue. Barua nitakayosaini ni ya kufuta kibali: Baraza libaki kama chama cha hiari, anayetaka ajiunge, asiyetaka aimbe. Kama wimbo umemchafulia mtu jina, aende mahakamani kama muuza nyanya mwingine yeyote.

Nina riwaya mezani, kurasa 140 za mkono. Ndani yake kuna mtendaji wa kata anayeuza viwanja mara mbili. Mtu mmoja mwenye uzoefu kaniambia nimtoe, kitabu kitapita na pengine kitaingia mashuleni. Mtendaji habanduki. Nitapiga chapa nakala chache kwa hela ya vibarua vya zabibu, nitaziuza mwenyewe pale soko la Majengo. Bei bado sijapanga.