Mwanao akisema "nimepata 71" ughaibuni, usikimbilie kupiga vigelegele

Mzazi mwenzangu, wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja ulionifanya niweke kando mada niliyokuwa nimeipanga. Kijana wake alisomea udaktari wa meno hapa nyumbani, akamfuata mkewe Marekani, na sasa anahangaikia leseni ya kufanya kazi huko. Mwaka jana alifanya mtihani wa kitaifa, kisha akampigia mama simu: "Nimepata 71." Mama akapiga vigelegele. Sabini na moja, kwa hesabu za shule zetu, ni alama ya kutamba nayo. Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mama, nimefeli."

Mwaka huu amerudia. Safari hii ametuma karatasi ya matokeo kwenye simu ya baba yake. Haina alama hata moja, imeandikwa tu kwamba amefaulu. Baba yake mdogo, aliyeombwa achangie ada ya hatua inayofuata, amegoma. "Alipofeli alikuwa na alama, leo amefaulu hana alama? Mtihani gani huo? Huyu anatuchezea." Familia ilikuwa imeshakubaliana kuuza kiwanja. Sasa kiwanja hakiuzwi, na kijana amesusa kupokea simu.

Mama anauliza: mwanangu ananidanganya? Jibu langu ni hapana. Kwa maelezo aliyonipa, kijana alisema kweli mara zote mbili. Kilichoharibu mambo ni sisi kusoma namba za watu kwa miwani ya kwetu. Na kwa kuwa familia nyingi siku hizi zina mtoto anayefanya mitihani ya nje, tulielewe jambo hili pamoja.

Namba si lazima iwe asilimia

Wengi wetu tukisikia namba ya mtihani, kichwani tunaiweka juu ya mia moja. Lakini hata hapa Tanzania tuna mfano unaotukataza kufanya hivyo. Kidato cha nne, mwanafunzi bora kabisa hupata Divisheni ya Kwanza ya pointi 7. Mgeni asiyejua utaratibu wetu angemgombeza mtoto wa pointi 7 na kumpongeza wa pointi 32. Namba haina maana mpaka ujue inaanzia wapi, inaishia wapi, na mstari wa kufaulu umechorwa wapi.

Mtihani aliofanya kijana unaitwa INBDE. Ndio mtihani wa kitaifa wa madaktari wa meno Marekani, na ulianza Agosti 2020 kuchukua nafasi ya mitihani miwili ya zamani. Una maswali 500 yanayofanywa kwa siku mbili: 360 siku ya kwanza na 140 siku ya pili. Kipimo chake kinaanzia 49 na kuishia 99, na mstari wa kufaulu uko kwenye 75. Hakuna anayepata sifuri, wala hakuna anayepata mia. Kwa hiyo 71 haikuwa asilimia 71 ya maswali. Ilikuwa alama iliyo chini ya mstari, basi.

Gunia la lumbesa

Kwa nini wasihesabu tu maswali aliyopata? Fikiria wafanyabiashara wawili wa viazi. Kila mmoja anasema ameleta magunia kumi. Wa kwanza magunia yake yameshonwa bapa, wa pili ya kwake ni lumbesa, yamefumuka juu kama kichuguu. Ukilipa kwa kuhesabu magunia, mmoja wao umemdhulumu. Ndiyo maana tunadai mizani.

Mitihani ya leseni iko hivyo hivyo. Watahiniwa hawafanyi wote siku moja, wala hawapewi karatasi ileile. Hata watungaji wakijitahidi vipi, karatasi moja itakuwa ngumu kidogo kuliko nyingine. Tuseme karatasi ya Machi ni nyepesi, na kufikia kiwango kunahitaji majibu sahihi 320. Ya Septemba ni ngumu zaidi, na majibu 305 yanaonyesha ujuzi uleule. (Namba hizi mbili ni za mfano wangu tu.) Wote wawili wataandikiwa 75. Hiyo ndiyo alama iliyosawazishwa: maswali ni magunia, alama hiyo ni kilo.

Hapo pia linapatikana jibu la wazazi wanaosema, "Amepata 74, amekosa swali moja tu, wamemwonea." Alama moja kwenye kipimo hicho si swali moja. Inaweza kubeba maswali kadhaa. Usimpeleke mwanao kwenye malalamiko kwa hesabu ya namna hiyo.

Na ile 75 haiwekwi ili idadi fulani ya watu ifaulu na wengine waachwe. Wataalamu hukaa, wakapitia maswali na kujiuliza: daktari wa meno anayeanza kazi, anayeweza kumhudumia mgonjwa bila kumletea madhara, anatakiwa kujua kiasi gani? Hapo ndipo mstari unapochorwa. Wakifika wote, wanafaulu wote. Mwanao hashindani na aliyekaa kiti cha jirani.

Kwa nini aliyefaulu hapewi alama

Sasa tuje kwa baba mdogo. Zamani waliofaulu walikuwa wanapewa alama zao. Kuanzia Januari 2012, mitihani ya kitaifa ya meno ya Marekani iliacha utaratibu huo, na INBDE imeufuata: aliyefaulu huandikiwa kwamba amefaulu, mwisho wa habari. Anayepewa namba ni aliyefeli, pamoja na maelezo ya maeneo aliyolegea, ili ajue yuko umbali gani na mstari na arudi kusoma nini.

Kwa hiyo karatasi isiyo na alama ndiyo karatasi ya furaha. Ukiona namba, hapo ndipo pa kukaa na mwanao na kumpa moyo.

Si jambo geni sana ukilifikiria. Trafiki akikusimamisha Chalinze, anataka kuona leseni yako. Hakuulizi chuo cha udereva ulipata ngapi. Leseni inajibu swali moja: huyu anaruhusiwa au haruhusiwi? Tatizo la zamani lilikuwa kwamba vyuo vya ubingwa vilitumia alama za mtihani wa leseni kupanga watu kwa ubora, kazi ambayo mtihani ule haukutengenezwa kuifanya. Umetengenezwa kuonyesha nani amefika mstarini. Kupima kwa uhakika nani kampita nani miongoni mwa waliokwisha kuvuka ni kazi nyingine.

Pasentaili: "amekuwa wa ngapi?"

Lakini sisi wazazi tuna swali letu pendwa: amekuwa wa ngapi? Kuna mitihani inayolijibu hilo, nayo kijana wa mama huyu huenda akakutana nayo. Mwaka 2016 ulianza mtihani mwingine unaoitwa ADAT, wa kusaidia vyuo kuchagua watu wa kuingia masomo ya juu ya meno. Baadhi ya vyuo huuangalia pia kwa madaktari waliosoma nje ya Marekani. Huu ni wa kushindania nafasi, kwa hiyo alama zake zinaonyeshwa. Kipimo kinaanzia 200 hadi 800, na kimepangwa ili 500 iwe katikati.

Hapa ndipo pasentaili inapoingia. Pasentaili si asilimia ya maswali uliyopata. Inakuambia kati ya watu mia waliofanya mtihani, umewapita wangapi. Pasentaili ya 84 maana yake umewaacha nyuma watu 84 hivi. Inawezekana kabisa umekosa theluthi ya maswali na bado ukawa hapo, kama karatasi ilikuwa ngumu kwa wote.

Tazama jinsi hesabu ya mia inavyotupoteza. Mtu akikuambia amepata 400 kwenye kipimo cha mwisho 800, utasema, "Nusu, si mbaya." Lakini watu wengi hujazana karibu na 500, kama vile mtaani wengi wana kimo cha kati na warefu sana ni wachache. Kwa mtawanyiko wa namna hiyo, 400 ina maana amewapita watu 16 hivi tu kati ya mia. Aliyepata 600, ambaye wewe ungesema ana robo tatu, amewapita 84 hivi. Na aliyepata 500 na 510? Wametofautiana nafasi nne tu, maana hapo katikati pamejaa watu. Nafasi kamili isomwe kwenye jedwali la mtihani husika, usiikisie.

Jambo lingine: pasentaili inategemea umelinganishwa na nani. Wanaofanya ADAT wengi ni madaktari au wanafunzi wa mwisho wa udaktari. Kuwa katikati ya kundi hilo si uzembe. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini anaweza kuwa wa ishirini shule ya vipaji, na akili zake ni zilezile.

Na kama una watoto wawili wanaoomba kuingia chuo cha meno Marekani kwa miaka tofauti, usiwalinganishe haraka. Mtihani wa kuingilia, DAT, ulitumia kipimo cha 1 hadi 30 kwa miaka mingi. Tangu Machi 2025 kipimo ni 200 hadi 600. Dada mwenye 20 hajashindwa na mdogo wake mwenye 420. Mmoja amepimwa kwa kilo, mwingine kwa ratili.

Kabla ya kuuza kiwanja

Baba mdogo ameuliza swali ambalo silo, lakini wasiwasi wake juu ya fedha una msingi. Kufaulu INBDE si kupata leseni. Leseni Marekani hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake. Majimbo mengi humtaka daktari aliyesoma nje aingie tena chuo kilichoidhinishwa nchini humo, kwa kawaida miaka miwili au zaidi, na afaulu pia mtihani wa vitendo. Ada ya vyuo hivyo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kiwanja kimoja kinaweza kuisha kabla ya muhula.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza "mbona hakuna alama," familia ikae na kijana imwulize haya:

Unalenga jimbo gani, na bodi yake ya meno inadai nini kwa aliyesoma nje?

Chuo unachoomba kimeidhinishwa? Umeshakubaliwa, au bado unaomba?

Ada yote ni kiasi gani, na ipi utalipa kwa mkopo au kwa kazi yako mwenyewe?

Mtihani unaofuata ni wa kuvuka mstari au wa kushindania nafasi? Kipimo chake kinaanzia wapi na kuishia wapi?

Maswali haya hayamtuhumu mtu. Mtoto mkweli atayajibu, na pale asipojua atakwenda kuuliza. Kama bado mna shaka juu ya matokeo, mwombeni afungue akaunti yake rasmi ya mitihani mkiwa kwenye simu ya video, msome pamoja mstari kwa mstari. Si lazima karatasi hiyo izungushwe kwenye kundi la ukoo. Ni mtu mzima, na matokeo ni yake.

Neno moja la mwisho kwa wale ambao mtoto wao amefeli. Kanuni za INBDE humpa mtahiniwa miaka 5 tangu jaribio la kwanza au majaribio 5, lolote litakalotangulia, awe amefaulu. Akipita hapo bado haruhusiwi kukata tamaa, ila atafanya mara moja tu kila baada ya miezi 12. Kwa hiyo kumsukuma arudie upesi kwa sababu "ni alama nne tu zimebaki" ni kumchomea nafasi. Mwache asome yale maeneo aliyoambiwa amelegea, kisha arudi.

Na wewe mama uliyeniandikia, nakushauri baba wa kijana ndiye apige simu kwanza. Aanze na neno moja: hongera. Mtu aliyekaa siku mbili na maswali 500, akarudia baada ya kuanguka na akavuka, anastahili kulisikia kabla ya mazungumzo ya kiwanja.

Wiki njema, wazazi wenzangu.