Vichaka vya Vuria tusivifyeke kwa simu

Sisi Wataita wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, tunapanga vyumba vya mabati na kufanya vibarua Industrial Area, lakini kule Vuria na Mbololo, katika Milima ya Taita, tuna mashamba ya urithi, na hayaguswi kabla hatujapigiwa simu. Mdogo wangu alinipigia majuzi. Karo inadaiwa, na kuna mtu anataka kukodi kipande kinachopakana na msitu alime kabeji. "Miti mikubwa hatutaikata, kaka," akaniambia. "Ni kufyeka vichaka tu."

Nilikataa. Nawaomba na wenzangu mkatae.

Humo vichakani ndimo anamoishi apalisi wa Taita, ndege mdogo wa kijivu mgongoni, mweusi kooni na mweupe tumboni. Huokota wadudu kwenye majani ya chini na kujenga kiota humo humo. Ukimwachia miti mirefu na kumfyekea chini, umemfukuza. Na hana pa kwenda, maana duniani kote anapatikana Milima ya Taita peke yake. Mwaka 2001 walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 650. Uchunguzi wa 2009 na 2010 ulionyesha kwamba wamepungua kwa karibu asilimia 80. Watu wazima tuliozaliwa kule tumeyashuhudia haya katika umri wetu!

Shirika la Nature Kenya limenunua ardhi Msidunyi, huko huko Vuria, ili ndege huyu apate hifadhi. Nalishukuru kwa dhati. Lakini halitanunua kila shamba, na msitu wa asili umebaki vipande vilivyotenganishwa na mashamba na mikaratusi. Vichaka vya mipakani ni vyetu.

Najua karo haingoji. Kwetu tumeamua kukodisha shamba la chini, karibu na barabara, ambalo limelimwa tangu enzi za babu. Si kila familia ina shamba la pili. Ndiyo maana naitaka serikali ya kaunti ya Taita Taveta, inapogawa basari, iwape kipaumbele watoto wa familia zinazopakana na msitu ambazo hazijafyeka. Chifu na wazee wa kijiji wanaijua mipaka hiyo, wala hawahitaji ramani kuikagua. Nasi tulio Nairobi tuwapigie madiwani wa wadi zetu za nyumbani kabla majina ya basari hayajapitishwa.