Muulizeni Kwanza Anayesafisha Tangi

Najua watakaosema: huyu naye! Sisi tunawaza mgao wa chakula na kodi ya nyumba, yeye anatuletea habari za samaki wa matajiri. Jirani yangu, mama wa kutoka Fizi, aliniambia usoni kabisa: "Kaka, siye tuko na njaa, weye unalilia majiwe ya mu maji?" Ndiyo, Mama, ninayalilia. Na kwanza si mawe.

Mimi ni mtoto wa Uvira. Baba alivua ndagala Ziwa Tanganyika, na maji ya chumvi sikuyajua mpaka nilipokimbilia Kampala, mji usio na bahari. Nikapata kazi ya kusafisha tangi la kioo kwenye sebule ya mkubwa mmoja, lita kama 400. Bahari yake tulikuwa tunaitengeneza wenyewe: maji yaliyochujwa sana, halafu chumvi maalum ya pakiti, gramu kama 35 kwa lita. Miaka mitatu mlikuwa na samaki tu. Wakitokwa na madoa meupe, fundi alikuja na chupa ya dawa ya shaba. Samaki wakapona. Chupa niliishika mimi.

Siku moja mkubwa akaona mahali tangi la matumbawe, akalitaka. Lini? Kabla ya arusi ya binti yake. Wiki tatu!

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana. Tangi la samaki huligeuzi kuwa la matumbawe kwa kuongeza vitu vya rangi rangi. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga, na yeye anakula humo. Kwa hiyo anataka taa kali, joto la nyuzi 25 au 26 lisiloyumba, na kalsiamu zaidi ya miligramu 400 kwa lita ili ajenge mifupa. Naitreti, ule uchafu unaobaki kutokana na mavi na chakula, samaki wengi wanaivumilia. Matumbawe mengi hayaiwezi ikizidi. Hata kikande, yule samaki aliyependwa na watoto wa nyumba, ilibidi ahame, maana ana meno ya kuvunja konokono na kutafuna kamba.

Taa inanunuliwa. Mashine inanunuliwa. Kikande anahamishwa. Lakini kilichokwisha kuingia ndani ya jiwe je?

Shaba ile ile inayomponya samaki inaua konokono, kamba na matumbawe. Tena haitoki kwa kubadilisha maji tu. Mawe ya chokaa na mchanga wa chini huinywa, halafu huitema kidogo kidogo, hata miezi baadaye. Mtu wa Kongo haitaji kufundishwa kwamba shaba ina faida na madhara. Nenda Katanga uwaulize wanaokaa kando ya migodi.

Nilimwambia fundi kwa heshima: "Mukubwa, haya mawe yalikunywa dawa. Tuyatoe pamoja na mchanga, tuweke mengine, tungoje wiki kama 6 maji yatulie. Tupime shaba. Halafu tutie konokono mmoja kwanza, tumwangalie." Akacheka. "Wewe kazi yako ni kufuta kioo."

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko pesa. Nilimpita mke wa mkubwa mlangoni, akanisalimia, akaniuliza habari za tangi. Nikasema, "Nzuri, Mama." Nilifikiria kodi, nilifikiria karatasi zangu, nikasema nzuri.

Vipande 11 vililetwa siku ya Alhamisi. Usiku ule ule konokono walidondoka migongo chini. Jumatatu nyama ya matumbawe ilikuwa inabanduka, mifupa meupe inabaki. Nikaambiwa ni mikono yangu michafu, nikakatwa mshahara wa mwezi na nusu.

Eti mnasema ni mapambo tu. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya mkataba wa CITES, ule unaodhibiti biashara ya viumbe kati ya nchi na nchi, maana yanaweza kumalizika. Mwaka 1998 joto la maji liliua matumbawe mengi sana upande huu wa Bahari ya Hindi. Halafu mtu avue kilichobaki, akisafirishe, akitie kwenye sumu kwa ajili ya picha za arusi? Anayetaka matumbawe anunue vipande vilivyokatwa kwenye matumbawe ya kufugwa. Vipo, na vinakua. Akishindwa kungoja wiki 6, abaki na samaki wake. Hakuna ubaya.

Kwa nyinyi wakubwa: mnamwuliza muuza taa, mnamwuliza muuza chumvi, hamumwulizi anayeingiza mkono kwenye maji kila siku. Yeye ndiye anayejua tangi lilitiwa dawa gani, lini, mara ngapi. Kumwuliza ni bure.

Na kwetu sisi wakimbizi: tumefundishana kwamba mgeni hajibu, mgeni anashukuru. Sisi ambao wenyewe tulimwagwa mahali tukaambiwa "haya, ishini", bila mtu kuangalia maji yako vipi! Mimi sikubali tena. Kukaa kimya hakukunilindia mshahara, na konokono walikufa vilevile.

Siku hizi nasafisha tangi jingine, kwa mtu mwingine. Naye anataka matumbawe. Kabla ya kushika ndoo nilimwuliza: humu mlishatia shaba? Akasema hajui. Nikamwambia basi hatuanzi mpaka tupime. Alikasirika, akaenda ndani, akarudi na pesa ya kipimo.