Mgeni wa dola laki moja na mwenyeji wa Kiuyu

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, nasi twazitumia kila siku bila ya kuzipima. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hii ya pili Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya Ujamaa. Moja yamkaribisha mgeni kwa heri anayokuja nayo, nyingine yamdai kazi. Leo tuzichukue zote mbili tulipime jambo ambalo sasa lazungumzwa barazani, kazini na hata katika meli iendayo Pemba: mgeni kupewa ukaazi katika nchi kwa sababu ameweka fedha zake humo.

Nimeichagua Kiuyu iwe mahali petu pa kupimia. Jina hilo katika kisiwa cha Pemba lina wenyewe wengi: iko Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni katika wilaya ya Wete, na iko Kiuyu Mbuyuni katika wilaya ya Micheweni. Ninayoikusudia hapa ni hii ya Micheweni, upande wa kaskazini-mashariki, ambako nchi kavu imejichomoza baharini na ardhi yake ni mawe kuliko udongo. Karafuu iliyoipa Pemba jina lake duniani haikupenda mawe hayo. Watu wa huko wameishi kwa kuvua, kwa kulima palipo na udongo kidogo, kwa kuvunja kokoto, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 kwa kulima mwani, kazi ambayo wengi wa wafanyao ni wanawake. Micheweni kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa wilaya maskini kabisa za Zanzibar. Lakini wilaya hiyo hiyo, pamoja na Fumba ya Unguja, ilitengewa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo habari ya mwekezaji si ngeni masikioni mwa watu wa Kiuyu. Kwao imekuwa kama mvua inayonguruma ng'ambo: wameisikia muda mrefu kabla ya kulowa.

BIASHARA YENYEWE

Kuuza ruhusa ya kukaa si uvumbuzi wetu. Nchi ndogo ya visiwa ya Saint Kitts na Nevis, katika bahari ya Karibi, ilianza kutoa uraia kwa wenye kuwekeza mwaka 1984. Marekani ilianzisha ukaazi wa wawekezaji mwaka 1990. Ureno ilifungua mlango wake mwaka 2012 na Hispania mwaka 2013, ambako mgeni aliyenunua nyumba ya euro 500,000 alipata haki ya kukaa. Falme za Kiarabu ziliingia mwaka 2019, na Oman, jirani yetu wa damu na wa bahari, ilianzisha ukaazi wa wawekezaji wa miaka 5 na wa miaka 10 katika mwaka 2021. Jirani zetu wa Kenya nao humtaka mgeni mwenye kufungua biashara aonyeshe mtaji usiopungua dola 100,000 kabla ya kumpa kibali.

Lakini wako waliofungua mlango kisha wakaufunga. Uingereza iliufunga wake Februari 2022. Ureno iliondoa njia ya kununua nyumba mwaka 2023, na Hispania ikaufuta mpango wake Aprili 2025. Sababu iliyotajwa katika nchi hizi mbili za mwisho yafaa tuitie akilini: bei za nyumba zilikuwa zimepanda mno, na wenyeji, hasa vijana na wafanyakazi wa mijini, walikuwa hawapati pa kukaa. Mgeni alikuja, lakini mwenyeji hakupona kwa kiasi alichotarajia.

HAPA KWETU

Zanzibar imo katika biashara hiyo. Mgeni anayenunua nyumba ya thamani isiyopungua dola 100,000 katika mradi ulioidhinishwa na Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar, yaani ZIPA, aweza kuomba kibali cha ukaazi kwa ajili yake, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao. Mji mpya wa Fumba ndio mfano unaojulikana zaidi. Sheria ya mwaka 2010 juu ya majengo ya pamoja ndiyo iliyomfungulia mgeni njia ya kumiliki nyumba ndani ya jengo, na Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2023 ikaupanga upya mlango mzima wa wawekezaji.

Msomaji aweza kuuliza: Je, mgeni huyo amenunua nchi? La. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Mwananchi ana haki ya kuitumia, kuirithi na kuirithisha; mgeni hukodishwa kwa muda. Anachokishika mkononi ni nyumba na mkataba. Udongo ulio chini yake haukuuzwa.

KIBALI SI URAIA

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa kila siku, na wajanja hujipatia riziki katika mchanganyiko huo. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kukaa. Hutolewa kwa muda, huhuishwa, na kwa Tanzania nzima hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa kuwa uhamiaji ni jambo la Muungano. Daraja A ni la wawekezaji na wenye shughuli zao wenyewe, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C ni la wengineo kama wanafunzi na watafiti. Aliye na kibali hapigi kura, na sababu iliyompa kibali ikiondoka, kibali nacho hukosa mguu wa kusimamia.

Uraia ni jambo jingine. Mgeni anayeutaka uraia wa Tanzania hutakiwa awe amekaa nchini miaka kadhaa, awe na mwenendo mwema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Nyumba ya Fumba peke yake haimpi. Basi ukisikia mtu akikuambia kwamba kwa milioni kadhaa za shilingi atakupatia "uraia wa Dubai", mfahamu kwamba ama hajui anachokisema, ama anajua vizuri sana. Falme za Kiarabu hudai mali ya dirham milioni 2 kwa ukaazi wa dhahabu wa miaka 10 kwa njia ya nyumba, na hata huo ni ukaazi tu. Mfanyakazi wa Dar es Salaam au wa Wete aliyeuza shamba la urithi ili ampe wakala fedha za safari hapati kibali hicho. Apatacho, akibahatika, ni kibali cha kazi kilichofungwa kwa kafili wake.

MTOTO WA KIUYU ALIYEPO NG'AMBO

Tulitazame jambo hili kwa upande wa pili, maana Pemba ni nchi ya wasafiri. Uhusiano wake na Oman ni wa karne nyingi, na baada ya 1964, hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya visiwa hivi walikwenda kujenga maisha yao Muscat, ambako hata leo Kiswahili chasikika sokoni na majumbani.

Tumchukue kijana mmoja wa Kiuyu kwa mfano. Alikwenda Oman kuvua au kuendesha gari, akafanya kazi chini ya kafili, akaoa, na baada ya miaka mingi akachukua uraia wa huko. Kila mwezi alituma fedha nyumbani. Kwa fedha hizo mama alitibiwa, wadogo walisoma, na mahali palipokuwa na banda la makuti pakasimama nyumba ya matofali yenye bati. Sasa nywele zimekuwa nyeupe na anataka kurudi kuzeeka kwao.

Ndugu msomaji, mtu huyu akishuka uwanja wa ndege husimama katika mstari wa wageni. Sheria yetu haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Siku alipochukua ule wa Oman aliuacha huu wa Tanzania. Nyumba aliyoijenga kwa jasho lake imo katika jina la nduguye au la mamaye, na pengine haikuandikwa popote. Mgeni asiyejua hata neno la salamu aweza kulipa dola laki moja akapata karatasi ya kukaa Fumba na familia yake, na huyu, ambaye kitovu chake kimezikwa Kiuyu, hana karatasi.

Habari njema ni kwamba jambo hili limeonwa. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyoleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia, lakini humtenganisha mtoto wa nyumba na mgeni wa kupita. Mwenye ndugu katika hali hii amshauri aulize Uhamiaji mapema. Na kwa kuwa ardhi ya Zanzibar ina sheria zake mbali na za Bara, aulize pia Kamisheni ya Ardhi kabla ya kununua chochote.

KALAMU KABLA YA MSIBA

Tena nawaomba wazazi na ndugu wa wanaotuma fedha: andikeni. Nani ametoa fedha, nani mwenye kiwanja, nani atakaa, na akifa mmoja nyumba iende wapi. Katika visiwa hivi twajua vizuri kwamba mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, na watu wakakaa kwa amani kwa kuwa wazee walikuwa hai wakikumbuka. Lakini kumbukumbu ya mzee huzikwa pamoja naye. Mashauri mengi ya mirathi hayatokani na uchoyo tu. Hutokana na maneno mema yaliyosemwa barazani bila ya shahidi wa maandishi.

Hali ni hiyo hiyo atakapokuja mtu kuulizia kipande cha pwani. Asije akapokewa na mmoja wenu faraghani. Akae mbele ya familia nzima, wanawake wakiwemo, na sheha ajue. Muulizeni anunua nini: matumizi ya ardhi kwa muda au jengo? Kwa miaka mingapi? Diko la kuvutia vyombo litabaki wazi? Wanawake wataendelea kupita kwenda kwenye mwani maji yakitoka? Makaburi ya wazee yatafikiwa? Uhamisho wa ardhi Zanzibar hupitishwa na Bodi ya Uhamisho wa Ardhi. Mwenye kuwaambia kwamba mambo ya Bodi ni usumbufu usio na maana, huyo ndiye hasa anayestahili kupelekwa mbele yake. Fedha ya kiwanja huisha kwa harusi moja na pikipiki mbili, na pwani haizai pwani nyingine.

JEMBE LIWE LIPI?

Sisemi mgeni afukuzwe. Nchi inayohitaji barabara, maji na ajira haina sababu ya kumnunia mwenye mtaji. Nasema jembe alilopewa lionekane. Nyumba iliyofungwa miezi kumi kwa mwaka, ikifagiliwa na mtunza bustani mmoja, ni jembe dogo kwa ruhusa kubwa kama hiyo. Ipo tofauti kati ya dola laki moja zilizozikwa katika kuta na dola laki moja zilizowekwa katika chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, au katika mtambo wa kusaga mwani.

Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na mwingi husafirishwa mkavu, bila ya kusindikwa, ukaenda kupatia thamani yake viwandani kwa wengine. Serikali ilikwisha kuichagua Chamanangwe, wilaya ya Wete, iwe mahali pa kiwanda cha mwani. Maji ya bahari yamezidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi hufa katika maji ya moto karibu na ufuko. Mama wa Kiuyu ahitaji chombo cha kumfikisha kwenye maji marefu, na ahitaji kujua kuogelea. Mgeni atakayeleta chombo hicho, akamfundisha binti wa Micheweni kazi ya kiwanda, na akanunua mwani kwa bei inayomlipa mkulima, huyo apewe kibali chake kwa mikono miwili, na kila kinapohuishwa aulizwe alichofanya.

Hapa ndipo methali zetu mbili zinapokutana. Mwenyeji haponi kwa sababu mgeni amefika. Hupona kwa kazi ambayo mgeni na mwenyeji wameifanya pamoja. Na mtoto wa nyumba arudipo kutoka ng'ambo, naye asikute mlango wetu ukiwa mwepesi kwa mwenye dola na mzito kwake.

Juma hili, kabla ya kwenda kazini, kaa na wenzako wa nyumbani. Toeni karatasi za kiwanja, za shamba na za nyumba ya kijijini, mkazihesabu. Kisichokuwa na karatasi, kiandikieni sasa wangali hai wanaokijua.