Waandishi waje Kitale na Bungoma kwa mtandao, wasomaji tukutane maktabani

JICHO LA MAGHARIBI
Na Nafula Wekesa

Uzinduzi wa vitabu katika nchi hii hufanyika Nairobi. Wachapishaji wengi wako huko, wanahabari wako huko, na mwandishi aliyetoka ughaibuni hutua huko. Mwalimu wa Kiswahili aliye Kiminini au Misikhu huzisoma habari zake gazetini shughuli ikiwa imekwisha. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takribani kilomita 380. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi na pesa za malazi, umeshapita bei ya kitabu chenyewe mara kadhaa.

Ndiyo maana nataka serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zianzishe katika maktaba za umma mazungumzo na waandishi kwa njia ya mtandao, yenye ratiba inayojulikana na yasiyotozwa kiingilio. Nina sharti moja, nalo silegezi: wasikilizaji wawe wamekusanyika ukumbini, wasiachwe kila mtu na simu yake chumbani.

Marekani jambo hili limezoeleka. Kuna muungano wa maktaba huko unaoitwa Library Speakers Consortium. Maktaba hulipa ada, mwandishi huzungumza mubashara, mkazi hujiandikisha bure na kutuma maswali yake, na rekodi hubaki kwa waliokosa. Kwa hiyo maktaba ya mji mdogo hupata mgeni yuleyule anayepatikana kwenye maktaba ya jiji kubwa. Usawa huo ndio ninaoutamani hapa kwetu. Lakini tusiige kila kitu. Mpango wao umejengwa juu ya imani kwamba msomaji ana kompyuta na intaneti ya kudumu nyumbani. Msichana wa Endebess au mvulana wa Kapsokwony anaazima simu ya mzazi, na bando linakatika mwandishi akiwa bado kwenye salamu. Ukumbi mmoja wenye laini imara, projekta na spika mbili unaweza kuwahudumia watu mia moja kwa wakati mmoja. Tena watu hao watasikia maswali ya wenzao, watabishana, na watatoka wakiendelea kubishana hadi stendi ya matatu. Huko kubishana ndiko kunakomfanya mtu arudi maktabani kuazima kitabu cha pili.

Huwezi kuzungumzia vitabu katika kaunti hizi mbili ukamruka Ken Walibora. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia Trans Nzoia. Katika Siku Njema, riwaya yake ya mwaka 1996, kijana Kongowea anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Wengi wetu tulishtuka kwa furaha kuuona mji wetu ukisimama katika riwaya ya Kiswahili, sawa na Mombasa na Unguja zilivyozoea kusimama. Baadaye riwaya yake Kidagaa Kimemwozea ikateuliwa kutahiniwa katika KCSE, na kwa miaka kadhaa kila mtahiniwa, wa Bungoma kama wa Lamu, akawa anamchambua mwana wa kwetu. Ni wangapi kati ya watahiniwa hao waliowahi kumuuliza swali? Mwenyewe alikaa Marekani miaka mingi, akisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State kisha akifundisha Wisconsin. Aliporudi nchini, kazi zake zilikuwa Nairobi. Aprili 10, 2020 aligongwa na matatu jijini humo akafariki, wakati shule zilikuwa zimeshafungwa kwa sababu ya Korona na nchi nzima inaanza kujifunza kukutana kwa mtandao. Tulipoizoea njia ambayo ingemleta mbele ya vijana wa Kitale kila muhula, yeye hakuwepo tena. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Hakuwa peke yake. Chris Wanjala, mhakiki mkubwa aliyetoka Bungoma, alituacha mwaka 2018. Euphrase Kezilahabi alifariki Dar es Salaam Januari 2020. Ngũgĩ wa Thiong'o alifia Marekani Mei 2025, baada ya kuishi nje ya nchi tangu 1982. Kaunti zetu zingekuwa na rekodi ya saa moja moja ya kila mmoja wao akijibu maswali ya wasomaji wa hapa, tungekuwa na hazina isiyonunulika.

Basi tuwatafute walio hai. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka wake Kenya Twendapi?, yuko Hamburg, Ujerumani. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973, aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mwanafunzi wa Kanduyi ana haki ya kumuuliza aliyaficha vipi, aliogopa nini, na kama leo angeandika waraka ule tena. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, yuko Uingereza. Riwaya yake Paradise tunayo kwa Kiswahili tangu 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mfasiri huyo naye ni mgeni wa kualikwa, maana kazi yake inatufaa sana sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Na walio karibu wasisahauliwe: Clara Momanyi wa Nguu za Jadi na Timothy Arege wa Bembea ya Maisha wanasomwa madarasani humu humu.

Ninachokiogopa kuliko kukatika kwa stima ni mitihani. Nawajua walimu wenzangu wa zamani. Mwandishi akitokea kwenye skrini, swali la kwanza litakuwa sifa za mhusika mkuu, la pili maudhui, la tatu mbinu za uandishi, na kijana ataondoka na daftari lililojaa majibu ambayo kitabu cha mwongozo tayari kinayo. Mwandishi hapaswi kugeuzwa mwongozo wa kupasia. Mikutano hii iwekwe Jumamosi alasiri, ili mkulima wa mahindi, mwendesha bodaboda, muuguzi na mama mwenye kibanda sokoni nao waweze kukaa. Maswali yao huwa tofauti kabisa. Mtu aliyegombania shamba na ndugu zake ataisoma riwaya ya urithi kwa jicho ambalo mtahiniwa wa Kidato cha Nne hana.

Mwongozaji awe mtu wa hapa aliyekisoma kitabu chote. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma penyewe, na wahadhiri na wanafunzi wake wa Kiswahili wangeifanya kazi hiyo vizuri. Mzee akitaka kuuliza kwa Lubukusu au Kisabaoti, aulize, mwongozaji amfikishie mwandishi kwa Kiswahili. Nakala za kitabu zinunuliwe na kuazimishwa mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Bila hivyo, ukumbi utajaa watu wanaopiga makofi kwa kitabu wasichokijua. Mwandishi naye alipwe. Tumezoea kumwomba mwandishi wa Kiswahili muda wake bure kwa kuwa ni mwenzetu, na mazoea hayo yanawaumiza wanaotuandikia. Rekodi nayo ibaki maktabani kwa idhini yake ya maandishi.

Wapo watakaosema hili ni jukumu la Nairobi. Ni kweli kwamba Huduma ya Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na imefanya mengi. Mwaka 1996 ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa, jambo ambalo bado linanipa fahari. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja maktaba, na makumbusho pia, miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo magavana wetu na mabunge yao hawana wa kumwachia.

Vifaa navyo havitoki mbali. Mkongo wa taifa wa intaneti umeshafika makao makuu ya kaunti, na serikali kuu imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Mahali ambapo ukumbi wa maktaba ni mdogo, Kitale ina makumbusho yaliyofunguliwa 1974 na yanayojulikana na kila mtoto wa shule mjini. Stima itakatika, hilo tulijue tangu mwanzo. Agosti 25, 2023 ilikatika karibu nchi nzima. Betri na sola ziwekwe kwenye hesabu ya kwanza, na mkutano mmoja ukivunjika, upangiwe siku nyingine badala ya mradi mzima kutangazwa umeshindwa.

Naomba kaunti hizi mbili zishirikiane. Mwandishi mmoja, siku moja, kumbi mbili, Kitale na Bungoma, gharama ikigawanywa nusu kwa nusu. Zikifanya hivyo mara nne tu kwa mwaka, kijana anayeingia Gredi ya 10 leo atakuwa amekutana na waandishi 12 kabla ya kumaliza shule.

Makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni, na katika vikao hivyo wengi husimama kudai barabara na zahanati, nao wana haki. Msomaji wangu wa Trans Nzoia na Bungoma, safari hii simama udai na maktaba. Mwambie mwakilishi wako wa wadi unataka fedha za vitabu, za laini ya intaneti na za kumlipa mwandishi, na umtajie jina la mwandishi unayetaka aanze.