Mifumo Kusomana: Faida ya ERP Huanza Kabla ya Kununua Programu

Kauli ya "mifumo isomane" imekuwa ya kawaida katika maelekezo ya viongozi wa Serikali kwa taasisi za umma. Kauli hiyo inagusa tatizo ambalo sekta binafsi nayo imehangaika nalo kwa miongo kadhaa: jambo moja kuandikwa katika ofisi tatu na kutoa majibu matatu tofauti. Jibu la kitaalamu kwa tatizo hilo ni mfumo unganishi wa usimamizi wa rasilimali za taasisi, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, ERP.

Mfano wa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida unatosha kueleza tatizo lenyewe. Karani wa mizani huandika uzito wa mbegu zilizopokelewa katika daftari lake. Mtunza ghala huhesabu magunia na kuyaandika katika kadi. Mhasibu naye huwalipa wakulima kwa kufuata karatasi aliyoletewa mwisho wa siku. Mwezi unapokwisha, vitabu hivyo vitatu havilingani. Huenda hakuna aliyeiba hata kilo moja, lakini mkurugenzi hawezi kusema kwa uhakika ana tani ngapi ghalani, anadaiwa na nani, wala kama lita moja ya mafuta inauzwa kwa faida au kwa hasara.

Katika mfumo unganishi, uzito huingizwa mara moja tu, pale kwenye mizani. Papo hapo akiba ya ghala huongezeka na deni la mkulima husajiliwa kwa mhasibu. Mafuta yanapouzwa, akiba hupungua, ankara hutolewa, kodi hukokotolewa na leja kuu hubadilika. Msingi wa mfumo wa aina hii ni huo: taarifa huingizwa mara moja, mahali tukio linapotokea, kisha kila idara husoma kumbukumbu ileile.

Faida ya pili ni udhibiti. Kabla ya malipo kufanyika, mfumo hulinganisha nyaraka tatu: hati ya ununuzi, hati ya kupokea mali na ankara ya mzabuni. Ikiwa vilivyoagizwa ni viti 100 na vilivyopokelewa ni 80, malipo ya viti 100 husimama. Aidha, mfumo hutenganisha anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa, na huhifadhi jina la kila mmoja pamoja na saa aliyotenda.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1960, viwanda vya Marekani vilianza kutumia kompyuta kukokotoa mahitaji ya malighafi. Mwaka 1972, wafanyakazi watano wa zamani wa IBM nchini Ujerumani walianzisha SAP, kampuni ambayo leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mifumo hiyo duniani. Jina la ERP lenyewe lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990.

Nchini Tanzania, Serikali ilitumia kwa miaka mingi programu ya Epicor, iliyotengenezwa nje ya nchi, katika usimamizi wa fedha za umma. Baadaye nafasi hiyo ilichukuliwa na Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, uliojengwa na wataalamu wa ndani. Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, nayo imesanifu mfumo wa ERMS unaounganisha shughuli za ndani za taasisi za umma, zikiwemo fedha, ununuzi, ghala na mali. Kwa upande wa mapato, tangu mwaka 2017 mfumo wa GePG umewezesha mwananchi kulipia huduma za Serikali kwa namba ya kumbukumbu, kupitia benki au simu ya mkononi. Mwaka 2023, zabuni za umma zilihamia katika mfumo wa NeST.

Mabadiliko hayo hayakuishia ndani ya ofisi za Serikali. Mfanyabiashara anayetaka kuiuzia Serikali saruji, samani au huduma ya usafi huomba zabuni kupitia NeST, hulipia ada kwa namba ya kumbukumbu na hutoa risiti ya kielektroniki. Kila hatua huacha kumbukumbu upande wa Serikali. Ikiwa kumbukumbu zake mwenyewe zimo katika daftari la kaunta, siku ya ukaguzi wa kodi au ya kudai malipo atakuwa na maneno, wakati upande wa pili una tarehe na tarakimu. Hapo ndipo mpangilio wa vitabu unapogusa mtaji na ajira za watu.

Hata hivyo, kununua mfumo si sawa na kupata mpangilio. Mwaka 1999, kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani iliwasha mifumo yake mipya muda mfupi kabla ya msimu mkubwa wa mauzo, baada ya kufupisha ratiba ya utekelezaji. Ilishindwa kufikisha oda zenye thamani ya takribani dola milioni 100, ilhali bidhaa zilikuwepo ghalani. Nchini Uingereza, Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilianza kutumia mfumo wa Oracle mwezi Aprili 2022. Mradi uliokadiriwa awali kugharimu takribani pauni milioni 19 ulivuka pauni milioni 100. Halmashauri hiyo ilikuwa imechagua kuubadilisha mfumo ili ufuate taratibu zake za zamani, na ulinganisho wa hesabu za benki ukakwama.

Programu hizo zinatumika vizuri katika taasisi nyingine nyingi. Tofauti ilikuwa katika maandalizi, na hapo ndipo taasisi na kampuni za Tanzania zina la kujifunza.

Kwanza, taratibu za kazi ziandikwe na kurekebishwa kabla ya kuingizwa katika kompyuta. Utaratibu wenye kasoro ukiingizwa katika mfumo, kasoro hiyo hutendeka kwa kasi zaidi. Pili, taarifa zisafishwe. Mzabuni mmoja aliyesajiliwa kwa majina matatu anaweza kulipwa mara tatu kwa kazi moja. Tatu, nywila isiazimwe. Bosi anayempa karani nywila yake ili aidhinishe malipo kwa niaba yake ameondoa udhibiti wote kwa sentensi moja, na mkaguzi atakapokuja, jina litakalosomeka ni la bosi. Nne, watumishi wafundishwe kabla ya siku ya kuanza, na uzinduzi usipangwe katika msimu wa kazi nyingi. Tano, pawepo nakala rudufu ya taarifa, umeme wa dharura na ulinzi wa taarifa za wateja na wafanyakazi, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyoelekeza.

Kwa biashara ndogo na za kati, hakuna ulazima wa kuanza na mfumo mkubwa. Mauzo, ghala na hesabu vikisomana, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Zipo pia programu huria, kama ERPNext na toleo la jamii la Odoo, ambazo hazina ada ya leseni. Gharama ya mafunzo, uingizaji wa taarifa na matengenezo hubaki palepale, hivyo ni busara kuitengea bajeti tangu mwanzo.

Kwa mwananchi wa kawaida, matokeo ya kazi hii yanapaswa kuonekana katika mambo madogo: mkulima kulipwa kwa uzito uliopimwa, mzabuni kulipwa kwa wakati, na mali ya umma kukutwa mahali ambapo kumbukumbu zinasema ipo. Mfumo unaweza kuyarahisisha hayo. Kuandika ukweli pale kwenye mizani kutaendelea kuwa kazi ya karani, na kuhakikisha umeandikwa ni wajibu wa kiongozi wake.